Fundi wa Pampu Anajibu: Hilux ya 1996 haiuzwi kwa rangi

SWALI: Habari za kazi, Fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Karatu. Nina pikapu Toyota Hilux dabo kabini, LN106 ya mwaka 1996, injini ya 3L ya dizeli. Niliinunua mwaka 2006 kwenye mnada, mradi mmoja wa maji ulipokuwa unafunga kazi. Imebeba mbolea, maharage, madawati, maharusi, na wagonjwa wa usiku ambao sikumbuki idadi yao. Kila nilipobadilisha oili niliandika kwenye daftari. Kilomita zinasoma 412,000. Sasa macho yangu hayataki tena taa za magari usiku na watoto wamesema basi. Dalali wa hapa mjini ameipa milioni 9, mimi nilikuwa nafikiria 17. Mpwa wangu anasema niipige rangi yote, nibadilishe viti na nizipunguze kilomita, ndipo nitapata ninachotaka. Ana haki? Na nitalipwaje bila kuibiwa?
Mwalimu mstaafu, Karatu

JIBU: Mwalimu, habari za kazi ni njema. Mpwa wako umpe chai, umshukuru, kisha umweke mbali na hiyo dashibodi.

LN106 inapeleka kilomita kwa waya unaotoka giaboksi. Kuzirudisha nyuma ni kazi ndogo kwa kijana mwenye bisibisi, na kwa sababu ni kazi ndogo, mnunuzi anayejua magari haya havutiwi na namba ndogo. Kinyume chake, anashtuka. Hilux ya 1996 inayosoma 140,000 itamfanya alale chini ya gari akitafuta uongo wa pili. Yako inasoma 412,000, na lipo daftari linalopanda hadi hapo ukurasa kwa ukurasa kwa mwandiko wako. Gari la namna hiyo sijaliona mara nyingi likipita mlangoni kwangu hapa Unga Limited, Arusha. Daftari hilo usimpe mtu, hata dalali. Piga picha kurasa zote, halafu mnunuzi akija alifungue mwenyewe mbele yako. Na ukumbuke kwamba kumdanganya mtu kilomita ili akupe fedha zaidi ni utapeli. Karatu ni mji mdogo na wewe umewafundisha nusu yake.

Sasa tuzungumze unauza nini, maana hapo ndipo milioni 9 ya dalali ilipotoka. Yeye amelitazama gari lako kwa mwaka wake. Anayeihitaji kweli haangalii mwaka, anatafuta pampu. 3L ni injini ya sentimita za ujazo 2,779, haina taabo (turbo), na dizeli inasukumwa na pampu ya chuma tupu hadi kwenye noza, vile vinyunyizio vya mafuta. Hakuna kompyuta inayoiamrisha. Mwenye mifugo Loliondo au mkulima wa vitunguu Mang'ola akiharibikiwa anaita fundi mwenye spana. Hilux zilizokuja baadaye, za injini ya 2KD na 1KD, zina nguvu na hazinywi mafuta ovyo, sizisemi vibaya. Lakini noza zake zinaendeshwa kwa umeme na zinataka dizeli safi. Mwagie mafuta ya dumu yaliyokaa nyuma ya duka kijijini, halafu utafute mashine ya kuzisoma ukiwa Yaeda Chini. Jingine ni ushuru: gari kuukuu likiletwa kutoka nje linatozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, kwa hiyo mtu hawezi tu kuagiza ya 1996 kwa bei ya kutupa. Zilizopo nchini ndizo hizo hizo, na nzima zinapungua kila mwaka.

Ndiyo maana nakwambia usimtafute mtu anayetaka gari. Mtafute anayetaka pampu. Wa kwanza ataona viti vimechanika. Wa pili atafungua boneti kabla hajakusalimia, na huyo ndiye anayelipa.

Huyo mtu mwite alfajiri. Karatu mwezi wa sita na wa saba baridi yake inatosha kumaliza mabishano yote. Usiiwashe gari kabla hajafika. Mwambie aweke kiganja juu ya injini ahakikishe ni ya baridi. Geuza ufunguo, ngoja taa ya njano ya plagi za kupasha moto izime, kisha piga stata. 3L iliyotunzwa itashika haraka, itatoa moshi mweupe kidogo na kugongagonga kama dizeli yoyote ya zamani, kisha itatulia. Muuzaji anayekukaribisha saa sita mchana na gari tayari lina moto ana jambo lake. Wewe huna, kwa hiyo tumia asubuhi yako.

Injini ikishapata moto, fungua wewe mwenyewe kofia ya kutilia oili ikiwa inaunguruma, uigeuze na kuiacha imekaa tu juu ya tundu. Mnunuzi mjuzi atafanya hivyo hata usipomwambia. Ikitetemeka kidogo ni sawa. Ikirushwa, au moshi ukitoka pale kwa kusukumwa, ringi za pistoni zimekwisha. Rejeta ifunguliwe kabla ya kuwasha, kamwe si ikiwa ya moto. Maji yasiwe na utando wa mafuta, na injini ikiunguruma yasitoe mapovu yasiyoisha. Injini hizi za L zikichemka sana hupasuka silinda hedi, hiyo ndiyo sifa yake mbaya na kila mtu anaijua. Daftari lako likionyesha rejeta ilizibuliwa lini na mpira upi ulibadilishwa, umeshajibu swali ambalo angeogopa kukuuliza.

Kisha nendeni barabarani. Ningekuwa wewe ningemteremsha hadi Mto wa Mbu na kumpandisha ule ukuta wa Bonde la Ufa, ikiwezekana na mzigo kidogo nyuma. Haitapanda kwa mbio, 3L haina haraka ya mtu yeyote. Anachotakiwa kuona ni mshale wa joto ukikaa mahali pake hadi juu, na moshi. Mweusi kidogo ukikanyaga ni kawaida. Mweusi mzito ni filta ya hewa, au noza, au mtu amefungulia pampu ili ipate nguvu ya bandia. Bluu ni oili inaungua. Mweupe usiokoma gari likiwa na moto ni tatizo, na hapo mjue ni noza au ni maji. Wewe ukae ndani ya gari muda wote. Kabla hajashika usukani chukua nakala ya kitambulisho chake na uione leseni yake, na bima iwe hai. "Nakwenda kuizungusha kidogo, mzee, nakuja" ni sentensi ya kukataa kwa adabu.

Rangi? Hapana. Rangi mpya ya gari zima kwenye pikapu ya miaka hii inauliza swali moja tu: imeficha nini? Mnunuzi atachukua sumaku ndogo na kuipitisha milangoni kutafuta puti ya kuzibia mabonde. Mikwaruzo ya mihimili ya mbao kwenye bodi iache, imeipata kazini. Fanya haya: ioshe vizuri, na chini pia, lakini injini isioshwe ikang'aa, maana injini inayong'aa inaonekana imefutwa dalili za kuvuja. Viti vitandikwe shuka nene au kava za bei nafuu, yatosha. Taa zote ziwake, honi ilie, waipa zifute, vioo vipande na kushuka, hendibreki ishike. Vitu hivi ni vya fedha ndogo, ila kimoja kikikosekana mnunuzi anakata laki tano mdomoni.

Cha fedha kubwa kidogo ninachokushauri ni kimoja: belti ya taimingi. Kwenye injini hii naibadilisha kila kilomita 100,000, kwa sababu ikikatika valvu zinakutana na pistoni na hapo hakuna injini tena. Tazama daftari. Kama ya mwisho uliifunga kwenye 300,000 na kitu, ifunge mpya sasa, ile ya zamani uiweke kwenye mfuko pamoja na risiti umwonyeshe. Ukiacha, mnunuzi mjuzi atakata bei ya belti, ya ufundi, na ya wasiwasi wake, na wasiwasi ndio ghali. Tairi usinunue mpya zote. Kama mbili ni kipara, nunua mbili.

Tena ulale chini mwenyewe, au umtume fundi unayemwamini, kabla mgeni hajalala. LN106 ina springi za majani mbele na nyuma na ekseli nzima mbele, ndiyo maana inavumilia. Lakini chasisi yake ina sehemu za kupasuka: pale sanduku la stelingi linapofungwa, hasa kama iliwahi kuvalishwa tairi kubwa kuliko zake, na nyuma pale springi zinaposhikwa, kwa ajili ya mizigo. Tazama kutu chini ya bodi na kwenye kingo za milango. Kama iliwahi kuchomelewa, sema. Sema wa kwanza, kabla hajaona. Mtu aliyeambiwa kuhusu weldi moja hukuamini kuhusu mambo kumi mengine, na aliyeigundua mwenyewe haamini hata jina lako. Namba ya chasisi isomeke na ilingane na kadi. Namba ya injini pia. Kama mradi ule uliwahi kubadilisha injini na kadi haikurekebishwa, lishughulikie TRA sasa, usingoje siku ya mauzo. Hubu za mbele zizunguke na fowili (mwendo wa magurudumu yote manne) iingie, ile ya polepole pia. Magari mengi ya wazee wastaarabu hayajaingizwa fowili kwa miaka na siku ya majaribio yanagoma.

Bei. Ukiangalia matangazo ya mtandaoni utaona za 14, za 20, na yupo mmoja anataka 25 kwa sababu ameweka redio. Hizo ni bei za kutamani, si za kuuza. Chagua zile za kufanana na yako, dabo kabini, 3L, fowili, uziandike, urudi baada ya mwezi. Ambazo bado zipo zilikosea bei. Zilizoondoka mapema ndizo za kukuongoza. Kwa maelezo yako, kama chasisi ni nzima na belti ni mpya, kutangaza 17 si tamaa. Ila bei yako ya mwisho iamue kabla hajaja mtu, uiandike kwenye karatasi, umkabidhi mama nyumbani. Walimu mna huruma, mtu akianza kusimulia ada za watoto mnaanza kushuka bila kuombwa. Na muda nao una bei: watu wakiwa wametoka kuuza maharage mfukoni kuna kitu, ila mwezi wa kwanza, shule zikifunguliwa, kila mtu anauza na hakuna anayenunua.

Dalali si adui. Anajua watu wa Mbulu na Mang'ola ambao wewe huwajui. Tatizo ni cha juu. Wewe unasema 15, yeye anamwambia mnunuzi 18, mnunuzi anakimbia, na wewe unabaki ukidhani gari lako halitakiwi. Patana naye malipo ya kueleweka mezani na umwambie wazi kwamba utakaa na mnunuzi ana kwa ana. Akikataa sharti hilo, umeshajua hesabu yake. Kadi halisi isitoke ndani kwako. Mpe nakala, na juu yake andika kwa kalamu "ya kuonyesha tu" na tarehe.

Huenda akaja pia mtu kutoka upande wa pili wa Namanga na bei tamu. Uwe mwangalifu hapo. Kenya hairuhusu kuingiza na kusajili gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8. Basi gari lako litakwenda huko likibaki na namba zetu na jina lako kwenye kadi, na siku likikamatwa na mzigo wa ajabu, anayetafutwa ni wewe. Muuzie Mtanzania mwenye namba ya mlipakodi, mkamalize TRA.

Kuhusu kulipwa, kutaneni ndani ya benki, mchana, siku ya kazi. Fedha ziingie kwenye akaunti yako, na umuulize mhudumu wa dirishani kama zimeingia na kama zinatoka. Meseji kwenye simu si fedha. Ziko meseji za kutengenezwa zinazofanana na za kweli hadi nukta, na upo muamala wa kweli unaoweza kuombewa urudishwe ukiwa bado unatembea kwenda nyumbani. "Nusu leo, nusu nikiuza vitunguu" ni mkopo, Mwalimu, na wewe si benki. Kama unamjua na umeamua kumkopesha, sawa, lakini gari na kadi vibaki kwako hadi shilingi ya mwisho.

Mkataba wa mauziano uandikwe kwa wakili, na mashahidi wa pande zote mbili. Uwe na namba ya gari, ya chasisi, ya injini, bei, namna ilivyolipwa, na zaidi ya yote tarehe na saa ya kukabidhi. Saa! Mtu akichukua gari saa tisa na kugonga saa kumi, utaishukuru hiyo saa. Andikeni pia kwamba gari limeuzwa jinsi lilivyo baada ya mnunuzi kulikagua na fundi wake, na nani analipa ada ya kuhamisha umiliki na ushuru wa stempu. Kwa kawaida ni mnunuzi, lakini kawaida isiyoandikwa huleta ugomvi. Kabla ya siku hiyo kagua kama gari linadaiwa faini za trafiki, kwa namba yake kwenye mfumo wa polisi, na kama unalipeleka Arusha mjini mara kwa mara, ada za maegesho. Lipa, upate risiti. Ile leseni ya kila mwaka ya barabarani ilishafutwa mwaka 2017, kwa hiyo mtu asikukatie bei kwa deni la "road" asilokuonyesha kwa maandishi.

Kisha nendeni wote TRA, si yeye peke yake na ahadi. Wako wauzaji wanaopigiwa simu na polisi miaka mingi baada ya kuuza, kwa sababu mnunuzi aliona uvivu na kadi ikabaki na jina la zamani. Usiondoke hadi uhakikishe ombi la kuhamisha limepokelewa na limelipiwa, na ubaki na nakala ya kila karatasi.

SWALI: Shikamoo Fundi. Marehemu mume wangu aliacha Hilux, kadi ina jina lake. Mteja ameshapatikana, anasema tuandikishiane tu kwa mwenyekiti wa mtaa na yeye atajua mbele ya safari. Naweza kuuza?
Mjane, Kahama

JIBU: Marahaba mama, na pole kwa msiba. Bado huwezi. Gari la marehemu linauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na TRA hawatahamisha kadi kwa barua ya mtaa. Kaeni kikao cha familia, muandike muhtasari wa nani anapendekezwa, uchukue na cheti cha kifo, mfungue shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo. Ukishapata barua ya usimamizi unaweza kuuza kihalali, na fedha zile ni za warithi wote. Mteja anayekuharakisha kwa mwenyekiti anajua kwamba ukiuza bila karatasi utauza kwa bei ya chini. Tena shemeji mmoja akija kulalamika, gari litakaa kituo cha polisi na wewe utadaiwa. Wakati unangoja, usiiache imesimama tu. Iwashwe mara moja kwa wiki hadi ipate moto, isogee, na tangi lijazwe dizeli, maana tangi tupu hutengeneza maji ndani, na maji ndiyo yanayoua pampu.

SWALI: Fundi, pikapu yangu ya injini ya 2L inatoa moshi wa bluu na difu inalia. Nimeambiwa niweke oili nzito kwenye injini na unga wa mbao kwenye difu, itanyamaza wiki mbili za kuuza. Unga wa mbao gani unafaa?
Kijana wa Babati

JIBU: Hapana. Wateja wa gari lako ndio wateja wangu, nami ndiye ninayelifungua hilo difu na kukuta huo uji ndani. Mwambie mnunuzi ringi zimekwisha na difu inalia, mtajie bei ya kutengeneza, uitoe kwenye bei yako. Wapo wanaotafuta 2L ya kufungua kwa makusudi, hasa bodi ikiwa nzima. Niandikie hali ya bodi na chasisi, na kama giaboksi haina kelele, nikwambie uanzie bei gani.